Mstari wa 212

Siku ya kwanza nilipewa fulana
imeandikwa mgongoni NIULIZE,
nami sikujua hata choo cha ofisi kiko wapi.

Ghorofa ya pili, Barabara ya Boma,
juu ya duka la dawa za mifugo.
Miezi mitatu ya mafunzo kwa vitendo.
Mshahara: nauli na chai,
na chapati siku mfadhili akija.
Dada Hyasinta akaniambia, Kaanaeli,
hapa hatumhurumii mtu, tunamwandikisha.
Nilidhani anatania.

Maji yalikuwa yameshukia Chekereni
yakalala kwenye majaruba ya mpunga wiki nzima,
mgeni asiyejua kuaga.
Tukayafuata na fomu na kidau cha wino.
Nikajifunza kushika dole gumba la mtu mzima
bila kumfanya mtoto.
Nikajifunza kwamba kaya si nyumba,
na kwamba ndiyo ya mtu mwenye njaa
haijibu swali ulilomuuliza.

Tukarudi mjini na majina mia nne kumi na saba.
Ombeni, aliyenitangulia kwa mwezi mmoja
na kwa hiyo bingwa,
akanionyesha: yanayojirudia yanawaka mekundu,
unabofya, yanaondoka.

211. Nakundwa Senzighe. Watu wawili.
212. Nakundwa Senzighe. Watu wawili.
Simu ile ile. Kitongoji kile kile.

Nikabofya.
Nikajisikia safi, kama aliyefagia uwanja
kabla watu hawajaamka.

Jumanne ya mgao, uwanja wa shule, tope hadi kifundoni.
Bibi Nakundwa akaitwa, akaweka dole,
akapokea ndoo, sabuni, blanketi moja.
Nyuma yake akasogea msichana, mtoto mgongoni.
Jina?
Nakundwa.
Nikapekua karatasi mara mbili, nikijua.
Ameshachukua, nikasema.
Akasema: Yule ni bibi. Mimi nimeitwa yeye.

Foleni nzima ilisikia.
Maandishi ya mgongoni yaliniwasha kama upupu.
Hakuna aliyeniuliza kitu.

Ni bibi aliyecheka.
Alipozaliwa huyu, akasema, nilikuwa mahututi,
wakampa jina langu wakijua naondoka.
Basi sikuondoka.
Tangu hapo zahanati inatuchanganya,
karani wa kura anatuchanganya,
na simu tunayo moja, akiichukua yeye naitwa mpenzi.
Akalikunjua blanketi, akalipima kwa mikono,
akamtazama mtoto, akalipima tena.

Nilirudi ofisini nimenyamaza.
Dada Hyasinta hakufoka, ingekuwa afadhali.
Ripoti imekwenda, akasema: kaya 416,
asilimia mia moja.
Stoo imebaki na ndoo zisizo na vifuniko.

Nikafungua orodha, nikamrudisha mtu kwa mkono,
herufi moja moja, N, a, k,
na kompyuta ikaniuliza: Una uhakika?
Wakati wa kumfuta haikuuliza.

Blanketi lilipatikana siku ya kumi na tisa.
Usiku wa kumi na nane ya kwanza
sina mahali pa kuuandika.
Asubuhi hizo, dirishani, mlima ulikuwa umejifunika hadi shingoni,
nami nilikasirika nao, kama mjinga.

Nililipeleka mwenyewe, kwa nauli ya chai.
Msichana alikuwa anaanika mpunga ulioota.
Akapokea, akasema asante ya kawaida,
ya mtu aliyeletewa chake,
akaendelea kupepeta.

Leo msimamizi wa chuo amekuja na daftari la kusaini.
Umejifunza nini? Mistari mitatu imeachwa.
Nimeandika: Kuandaa takwimu kwa kompyuta.
Nimeandika: Mawasiliano na wanufaika.
Wa tatu nimeushikilia kalamu,
naye anatazama saa.

Nakundwa, kwa Kipare, ni napendwa.
Hilo nalo sikuuliza,
niliambiwa na mwenye duka la dawa za mifugo,
nikiwa natoka,
fulana nimeigeuza nje ndani.